Msihukumu Ngoma kwa Kasi Yake: Maoni juu ya Singeli Hayajawa Uhakiki



Kwa muda sasa nimekuwa nikitega sikio kwa yasemwayo juu ya albamu za singeli. Nimewasikia wazee wenzangu wa kalamu, nimesoma wanayoyaandika wageni wa Ulaya na Marekani, na nimewasikiliza vijana wa hapa mjini kwetu, wanaorushiana nyimbo hizo kwa simu huku wakisubiri abiria. Makundi haya matatu hayakubaliani hata kidogo. La kwanza husema ni kelele. La pili husema ni maajabu ya kasi. La tatu husema imebamba, basi, mjadala umekwisha. Hata hivyo yote matatu yana kasoro moja: hakuna linalozungumzia maneno. Muziki unaoimbwa kwa Kiswahili, na watu wa Kiswahili, unahukumiwa ulimwenguni kote kana kwamba hauna lugha ndani yake.

Nadai hapa kwamba maoni ya namna hiyo, yawe ya sifa au ya shutuma, bado hayajawa uhakiki. Nadai pia kwamba lawama kubwa ni yetu sisi tunaojiita watu wa lugha. Mgeni ana udhuru, kwa kuwa Kiswahili hakijui. Kijana naye ana udhuru, kwa kuwa hakuna aliyemfundisha kusema zaidi ya neno moja. Sisi udhuru wetu ni upi?

Tuanze na mambo yenyewe, ili tusibishane hewani. Singeli ilizaliwa uswahilini, Dar es Salaam, katika mitaa kama Tandale, Manzese na Mburahati. Ilikua juu ya mabega ya mchiriku, muziki ulioshamiri jijini katika miaka ya 1990 kwa ngoma na kinanda kidogo cha Casio kilichopigwa kwenye spika zenye mkwaruzo. Na mchiriku nao una damu ya ngoma za Wazaramo. Mchiriku ulivuka bahari mwaka 2012, kundi la Jagwa Music lilipotoa albamu yake ya Bongo Hotheads kupitia kampuni ya Crammed Discs ya Brussels. Singeli ilifuata mwaka 2017. Kampuni ya Kampala, Nyege Nyege Tapes, ambayo jina lake kwa Kiganda huelezwa kuwa ni hamu isiyozuilika ya kucheza, ila kwa Kiswahili halitamkwi mbele ya wakwe, ilitoa mkusanyiko uitwao Sounds of Sisso, uliotokana na studio ya Sisso iliyoko Mburahati. Mwaka 2018 ikafuata Poaa ya Bamba Pana. Mwaka 2019 zikaja Tatizo Pesa ya Jay Mitta na Uingizaji Hewa ya Duke. Mwaka 2024 ikatoka Singeli ya Maajabu ya Sisso na Maiko.

Angalieni majina hayo vizuri. Karibu wote ni watayarishaji, yaani wale wakaao mbele ya kompyuta na kupanga mapigo. Sasa mwulizeni Mtanzania wa kawaida, wa Temeke au wa Maswa, akutajieni watu wa singeli. Atawatajia Msaga Sumu, Sholo Mwamba, Man Fongo, Dulla Makabila. Hao ni waimbaji. Huko ng'ambo wanamjua mpiga mapigo. Hapa nyumbani tunamjua msema maneno. Ni muziki mmoja, lakini umegawanywa kama kuku wa sherehe: mgeni kachukua paja, nasi tumebaki na kichwa. Tena hicho kichwa chenye ulimi ndicho tulichokitupa jaani bila kukitazama.

Nianze na wageni, kwa kuwa hao hawanichukui muda mrefu. Wanaposifu singeli husifu idadi ya mapigo: mia mbili, mia mbili na hamsini, mia tatu kwa dakika. Husifu ujasiri wa sauti, ukavu wa ngoma, vipande vya taarabu vilivyokatwa na kukimbizwa mpaka vikageuka milio ya ndege. Hayo ni kweli na siwapingi. Lakini emsii akisimama kwa dakika nne akamsimanga jirani, akamwombea mama yake, akaulalamikia mfuko wake mtupu na akamaliza kwa kijembe, wao huandika kwamba sauti ya mwimbaji inaongeza nguvu. Inaongeza nguvu! Yaani mtu katunga beti, nao wakamsikia kama toazi. Mshairi yeyote aliyewahi kusimama mbele ya watu anaujua uchungu wa kusifiwa sauti na kusahauliwa neno.

Waje sasa wazee wenzangu. Hoja yao ya kwanza ni kwamba kasi ile haiwezi kubeba ushairi. Ulimi hauwahi, na sikio halipati nafasi ya kuonja. Hoja hii inapimika, basi na tuipime. Ngoma ya mapigo 240 kwa dakika ina mapigo manne kwa kila sekunde. Ukiweka mizani moja juu ya kila pigo, mshororo wa mizani 16, wenye vipande viwili vya nane nane, utakwisha katika sekunde nne. Sasa chukua saa yako, fungua diwani yoyote uipendayo, usome mshororo mmoja kwa sauti ya darasani, bila haraka wala kuburuza. Utaona unatumia kadiri ya sekunde hizo hizo. Kumbe kinachokimbia katika singeli ni ngoma. Ulimi unakwenda mwendo ule ule aliokwenda malenga wenu.

Kuna sababu ya kilugha ya jambo hili. Silabi za Kiswahili, kwa sehemu kubwa, huishia kwa irabu. Hazibebi mzigo wa konsonanti mkiani. Mkazo nao unajulikana mahali pake, silabi ya pili kutoka mwisho, hivyo msikilizaji hujua neno limekwisha hata kama mwimbaji hakupumua. Lugha yenye silabi wazi na mkazo usiohamahama inaweza kupandishwa juu ya ngoma ya kasi bila kuvunjika. Mwalimu wa ushairi aliyezoea kuhesabu mizani kwa vidole angepaswa kuwa mtu wa kwanza kuligundua hili. Badala yake ndiye wa kwanza kuziba masikio.

Hoja ya pili ya wazee ni kwamba lugha ya singeli ni ya kihuni. Ninaiheshimu hoja hii kuliko ile ya kwanza, kwa sababu angalau inataja lugha. Lakini nawaomba wanaoitoa wanijibu: ni wimbo upi, ubeti upi, neno lipi? Zipo nyimbo za singeli zinazomdhalilisha mwanamke bila haya. Zipo zinazorudia tusi moja mpaka likapoteza hata ukali wa tusi. Zipo za kivivu, ambamo emsii anataja majina ya marafiki zake mpaka muda unakwisha. Hizo tuzikosoe, na tuzikosoe kwa ukali, lakini tuzikosoe kwa kuzitaja na kuonyesha palipooza. Kumhukumu mtunzi kwa mtaa anakotoka ni dharau, na dharau haijawahi kuitwa uhakiki.

Dharau hiyo si mpya katika historia ya lugha yetu. Siti binti Saad alitoka Fumba, mtoto wa wafinyanzi, akauza vyungu kabla hajauza wimbo. Waliojiona waungwana wa mjini hawakuacha kumkumbusha asili yake. Taarabu iliyoheshimiwa wakati ule ilikuwa ya Kiarabu; yeye akaimba kwa Kiswahili, akaimba habari za watu wa kawaida na za dhuluma walizotendewa. Mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi santuri, na santuri zile zikazunguka pwani yote. Ni nani aliyeona kwamba maisha ya mwimbaji huyo yanastahili kitabu? Ni Shaaban Robert. Mshairi ambaye kila mmoja wetu anamtaja akitaka kuonekana msomi ndiye aliyekaa chini akaandika Wasifu wa Siti binti Saad. Hakuona kwamba kalamu yake inachafuka. Aliona kwamba mwimbaji ni mtu wa lugha, na kwamba mtu wa lugha huandikwa na mtu wa lugha.

Tukumbuke na ugomvi mwingine, ambao wengi wetu wa umri huu tuliukuta ungali moto. Mwaka 1954 Amri Abedi alitoa Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, na wengi wakakifanya kitabu kile mizani ya kupimia kila kitu. Miaka 20 baadaye Euphrase Kezilahabi akatoa Kichomi, mashairi yasiyofuata vina wala mizani. Moto ukawaka. Wapo waliosema hayo si mashairi asilani. Mwaka 1979 Mulokozi na Kahigi wakatoa Kunga za Ushairi na Diwani Yetu, wakautetea uhuru wa mshairi kwa hoja na kwa mifano. Sitaki kuufufua ugomvi ule. Wengine humu bado wana majeraha. Nataka tuone jambo moja tu: pande zote mbili zilikuwa zimesoma. Aliyempinga Kezilahabi aliweza kukuonyesha mshororo uliomkera. Aliyemtetea aliweza kukuonyesha taswira iliyomgusa. Wakagombana juu ya maneno, na kutokana na ugomvi huo lugha ya uhakiki ya Kiswahili ikakua. Leo singeli imekuwapo kwa miaka mingi, imevuka bahari, imeingia kila harusi na kila kigodoro, nasi hatujaipa hata heshima ya ugomvi wa maana.

Nimefika kwa vijana. Ninyi ndio wasikilizaji wenyewe, na maoni yenu ndiyo yanayoamua wimbo uishi au ufe. Lakini nikikuulizeni albamu ina nini, mnanijibu: kali, noma, moto, imebamba. Maneno haya siyachukii. Yana uhai wake. Shida ni kwamba yanalingana kwa kila wimbo. Neno linalosifu vyote halisifu kitu. Mkulima wa pamba akiulizwa juu ya mbegu hatakujibu kwamba ni kali; atakuambia inaota siku ngapi, inavumilia jua kiasi gani, tumba lake ni zito au jepesi. Kwa nini mpenzi wa wimbo awe na maneno machache kuliko mpenzi wa mbegu?

Hapa kwetu Usukumani msikilizaji hakuwa bubu. Watu wa kwetu wanayajua mashindano ya Bagika na Bagalu, makundi mawili yafuatayo nyayo za manju wawili wa zamani, Ngika na Gumha. Baada ya mavuno, makundi hupambana katika uwanja mmoja, kila moja na ngoma yake, wimbo wake na mbinu zake. Anayehukumu ni umati wenyewe. Watu huhama kwa miguu yao kutoka upande huu kwenda upande ule, na anayebaki na watu wengi ndiye mshindi. Maoni ya msikilizaji, basi, kwetu ni jambo zito tangu zamani. Yanajenga jina la manju na yanalibomoa. Lakini umati ule haukuvutwa na ngoma tupu. Manju alimtupia mwenzake vijembe, na asiyekielewa kijembe aliuliza aliyesimama kando yake. Aliyerudi nyumbani bila kuujua wimbo ulisema nini alionekana kama mtu aliyekwenda mnadani akarudi mikono mitupu.

Ndiyo maana nashangaa mwalimu anapoingia darasani kufundisha fasihi simulizi, akaandika ubaoni majigambo, masimango, kibwagizo, takriri, kisha mifano yake yote ikatoka katika vitabu vya zamani, ilhali mwanafunzi aliyekaa mbele yake ana majigambo mapya ndani ya simu yake. Emsii wa singeli anapojitapa kwamba mtaa mzima unamtetemekea, anafanya majigambo. Anapoirudia kauli moja mara nane huku akiibadilisha neno la mwisho, anafanya takriri. Anapowaita watu wajibu, anawapa kibwagizo. Istilahi tunazo tayari, tena tumezitungia mitihani. Tunakataa tu kuzitumia mahali zinapohitajika.

Msije mkasema nabwabwaja bila mfano. Nisichukue hata ubeti. Nichukue majina mawili tu ya albamu nilizozitaja.

La kwanza ni Tatizo Pesa. Ni nomino mbili, hakuna kitenzi, hakuna hata kiunganishi. Kiswahili kinaruhusu kuliacha lile neno ni, kama tunavyoliacha katika methali tunaposema mgeni siku mbili. Likiachwa, nomino mbili husimama uso kwa uso na msikilizaji analazimika kuzifunga mwenyewe. Je, maana yake ni kwamba tatizo letu ni kukosa pesa? Au ni kwamba pesa yenyewe ndiyo tatizo, hata kwa aliye nayo? Sarufi inaruhusu zote mbili, na mtaa unazijua zote mbili. Hapo pana utata wa kishairi ndani ya maneno mawili, na aliyeyaweka juu ya albamu ya kuchezwa hakuhitaji shahada ya isimu.

La pili ni Uingizaji Hewa. Hili ni neno la vitabu vya afya na la wajenzi. Utalikuta katika maelezo ya banda la kuku au ya chumba cha mgonjwa. Ni nomino ndefu, imetoka katika kitenzi cha kusababisha, imevaa suti na tai. Kulibandika juu ya muziki usiomwachia mchezaji hata nafasi ya kuhema ni kejeli safi. Nani anaingiza hewa hapo? Mchezaji aliyekatika pumzi? Au muziki wenyewe ndio dirisha la chumba kidogo cha uswahilini chenye joto? Mhakiki anaweza kukaa na jina hilo kwa saa nzima. Wageni walililipia lakini hawakulisoma. Sisi tungeweza kulisoma, ila hatukulitazama.

Najua nitajibiwa kwamba maneno ya nyimbo hizi hayasikiki vizuri. Spika zina mkwaruzo na mwimbaji anameza silabi. Ni kweli kwa baadhi, na nyingine hazina mwimbaji kabisa. Lakini nani alisema kazi ya uhakiki ni ya mvivu? Wataalamu wetu wameketi miaka kadhaa juu ya miswada ya zamani iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, wakibishana juu ya nukta moja kama iko juu au chini. Walifanya hivyo kwa sababu waliamini kwamba chini ya wino uliofifia kuna neno la mtu. Mkwaruzo wa spika ni wino uliofifia wa zama hizi. Tofauti ni kwamba mtunzi bado yu hai na anaweza kuulizwa.

Na hapa ndipo penye hasara ninayoihofia. Nyimbo nyingi za singeli hukaa katika kadi za simu na katika vibanda vya kurushia nyimbo. Simu ikiibwa, wimbo umekwenda. Kadi ikifutwa ili kupisha nyimbo mpya, beti zimekufa. Kinachohifadhiwa kwa mpango ni kile kinachopelekwa ng'ambo, nacho kinahifadhiwa kwa ajili ya mapigo yake. Kizazi kijacho kitakapotaka kujua vijana wa Tandale walisema nini juu ya kodi ya pango, mapenzi, uchawi, deni na mama, kitakuta maelezo ya Kiingereza juu ya kasi ya ngoma. Nao watunga kamusi watakaotaka kujua neno fulani la mtaani lilianza lini na lilimaanisha nini, watakosa hata ushahidi mmoja wa maandishi. Mtoto wa Maswa, ambaye lugha yake ya kwanza ni Kisukuma, anayapata maneno ya Tandale kupitia nyimbo hizi kabla hajayaona katika kitabu chochote. Lugha inasafiri usiku, nasi walinzi wake tumelala.

Ninachokiomba si kikubwa. Kila mmoja wetu anayeandika juu ya lugha achague wimbo mmoja wa singeli, ausikilize mara tatu, aandike maneno yake kwenye karatasi, amtaje mtunzi kwa jina analojulikana nalo, kisha aseme kilicho kizuri na kilicho kibaya huku akionyesha mahali. Mwalimu aliye kazini awape wanafunzi zoezi hilo hilo. Watalifanya kwa furaha kuliko zoezi lolote atakalowapa mwaka huu. Vijana nao, mkisema imebamba, ongezeni sentensi ya pili inayoanza na neno kwa sababu. Tukifanya hivyo, mwenye kuipenda singeli ataipenda kwa hoja, na mwenye kuichukia ataichukia kwa hoja, na mimi nitawaheshimu wote wawili.

Asiyekubaliana nami namkaribisha, ila aje na ubeti mkononi. Kwa desturi ya ukumbi huu, naacha mbili zangu:

Nawauliza malenga, mketio barazani,
Kauli mnazopinga, mmezisikia lini?
Neno msipolichunga, maoni yana thamani?
Sikilizeni maneno, kisha toeni hukumu.

Vijana mnaocheza, ngoma ikiwaka moto,
Sifa bila kueleza, ni kama povu la mto,
Semeni kinachokwaza, na kilichowapa joto,
Sikilizeni maneno, kisha toeni hukumu.